Kabla Hujachapa Dodoso: Namna ya Kuifanya Jamii Mbia wa Utafiti Wako

Kila unapofika msimu wa kwenda uwandani, swali hurudi lile lile, limebadilisha nguo tu. Mwanafunzi wa uzamili anauliza afanye nini ili wanakijiji wampokee. Afisa wa asasi analalamika kwamba watu wanadai posho kabla hata ya kujibu swali la kwanza. Daktari anayekusanya sampuli anashangaa kwamba mama aliyetia saini jana, leo kajifungia ndani. Mhadhiri amefika ofisi ya mtendaji akaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba kijiji kimechoka na watafiti. Wote wanatafuta dawa moja: jamii ikubali.

Swali hilo lina kasoro tangu mwanzo. Kupokewa si kazi ngumu katika vijiji na mitaa yetu. Mgeni hupewa kiti na maji hata kabla hajajitambulisha, na mtafiti mwenye barua ya mkoa atajibiwa dodoso lake lote, ukurasa kwa ukurasa, na watu wasiomwamini hata kidogo. Watampa majibu ya adabu. Watasema wananawa mikono kwa sabuni, watoto wote wanalala ndani ya chandarua, na mradi uliopita ulikuwa mzuri sana. Tatizo lako basi haliko kwenye kukataliwa. Liko kwenye kukubaliwa kwa juu juu, ukarudi chuoni na data isiyosema kitu. Ninachokitetea hapa ni kimoja: jamii ni mbia pale tu inapoweza kubadilisha kitu katika utafiti wako, iwe swali, mbinu, bajeti au matumizi ya matokeo, nawe ukakubali kubadilika. Pasipo hilo, mikutano, fulana na picha za pamoja ni itifaki.

Je, kuna ushahidi kwamba inafaa?

Mwenye shaka ana haki ya kuuliza kama ushirikishwaji unaboresha utafiti wenyewe au ni pambo la kumridhisha mfadhili. Jibu lililo wazi zaidi katika ukanda wetu limetoka kwenye maharage. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Louise Sperling na wenzake nchini Rwanda waliwaalika wakulima mahiri wa maharage, wanawake, kwenye mashamba ya kituo cha utafiti, wakawaachia wachague wenyewe aina za kwenda kujaribu nyumbani. Hadi wakati huo mkulima alikuwa akionyeshwa mbegu mwishoni kabisa, wataalamu wakiwa wameshachuja. Safari hii wanawake walichuja wao. Aina walizozichagua ziliishinda mbegu yao ya mchanganyiko wa kienyeji katika asilimia 64 hadi 89 ya majaribio, na mavuno yakapanda kwa hadi asilimia 38. Zile za wataalamu zilishinda katika asilimia 41 hadi 51 ya majaribio, yaani karibu sawa na kurusha shilingi juu. Hapakuwa na muujiza. Mtaalamu aliitazama mbegu ikiwa katika shamba la kituo. Mwanamke aliitazama huku akiwaza kivuli cha migomba yake, udongo wake uliochoka na chungu chake jikoni. Na tazama vizuri alichopewa. Hakupewa kiti kwenye warsha, alipewa uamuzi.

Zanzibar inatuonyesha upande wa pili. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, kikawa kazi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Baadaye aina ya cottonii, yenye bei nzuri kuliko aina nyingine iitwayo spinosum, ikaanza kufa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto kupita kiasi. Kisayansi jawabu lilikuwa jepesi kulisema: sogeza shamba kwenye maji ya kina kirefu, tumia nyavu za mirija badala ya kamba na vigingi. Lakini vigingi huchomekwa na mtu anayekwenda kwa miguu maji yakitoka, na kina kirefu hakiendwi kwa miguu. Kinataka boti, kinataka mtu anayejua kuogelea, na wakulima wengi wa mwani hawakuwa na kimoja wala kingine. Mtafiti Flower Msuya na wenzake waliofanya kazi hiyo bega kwa bega na wakulima walilazimika kuyaingiza mambo hayo ndani ya utafiti: boti, mafunzo ya kuogelea, na suala la nani nyumbani anaamua mwanamke aende baharini saa ngapi. Kwa mtu wa maabara hayo si biolojia. Kwa mkulima, bila hayo biolojia haifiki ufukweni.

Wale wanaodhani ushirikishwaji umeletwa juzi na wafadhili waangalie historia ya Mlimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyekuwa hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake vijijini wakafanye utafiti pamoja na wenyeji. Budd Hall alikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, jijini humo humo. Katika mazingira hayo ndimo utafiti shirikishi ulipopatiwa jina lililosambaa duniani, hasa baada ya jarida la Convergence kuutolea toleo maalumu mwaka 1975. Mradi wa Jipemoyo, uliofanyika wilayani Bagamoyo katika nusu ya pili ya muongo huo, ulitoka kwenye chimbuko hilo. Ni ajabu kidogo kuona leo mwanafunzi wa Dar es Salaam akinukuu mwongozo wa Toronto kuhusu jambo lililopatiwa jina Dar es Salaam.

Safari ya kwanza, nenda mikono mitupu

Kosa kubwa hufanyika kabla ya kupanda basi. Mtafiti huandika andiko lote, hupitishwa na msimamizi, hupitishwa na kamati ya maadili, huchapa nakala mia tatu za dodoso, kisha ndipo huenda "kuishirikisha jamii". Kilichobaki kushirikishwa hakipo. Mwenyekiti wa kijiji akisema swali la kumi na mbili litawakwaza wazee, nakala zimeshachapwa. Akisema Novemba watu wote wako mashambani, tiketi zimeshakatwa. Panga basi safari fupi ya awali, siku tatu au nne, kabla andiko halijakauka:

1. Tafuta kwanza nani ameshapita hapo na alitafuta nini. Vijiji vilivyo karibu na barabara kuu, hifadhi au vyuo huhojiwa mara kwa mara, na ukiuliza swali ambalo jibu lake limo katika tasnifu iliyo maktabani kwako, unawapotezea watu muda.
2. Fuata ngazi za utawala bila kuruka hata moja. Tanzania Bara kuna COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kwa tafiti za afya, kisha mkoa, wilaya, kata na kijiji. Zanzibar ina vibali vyake, na njia huishia kwa sheha. Kenya utapitia NACOSTI (tume ya sayansi ya nchi hiyo), kisha ofisi za kaunti, hadi kwa chifu na naibu wake.
3. Beba nusu ukurasa tu wa Kiswahili, au wa lugha ya nyumbani ya watu hao, unaoeleza unataka kujua nini na kwa nini.
4. Uliza mambo matatu: katika suala hili, nini kinawasumbua ninyi, mmeshajaribu nini, na mwishoni mwa kazi mngependa kubaki na nini mkononi.
5. Rudi ukaandike upya, kisha uwaonyeshe ulichobadilisha kwa sababu yao.

Hatua ya tano ndiyo mizani ya yote. Ukitoka safari ya kwanza na andiko lako halikubadilika hata sentensi moja, hukwenda kushauriana. Ulikwenda kutoa taarifa. Tahadhari moja hapa: safari hii ni ya mashauriano, si ya kukusanya data. Usirekodi sauti wala usiyaingize maneno ya watu kwenye tasnifu kabla ya kamati ya maadili kutoa ruhusa, na iulize kamati yako mapema inaichukuliaje safari ya namna hii.

Kumbuka pia barua yenye mihuri mitano inakufungulia mlango wa ofisi tu. Inakuruhusu kuuliza, haimlazimishi mtu yeyote kujibu. Watafiti wengi huionyesha kana kwamba ni amri, na mtendaji mwenye hofu ya wakubwa huwaamuru watu waje. Hapo ridhaa imekufa kabla fomu haijafunguliwa.

Jamii ni nani hasa?

Neno "jamii" huficha mengi. Kijiji kimoja cha pwani kina wenye ngalawa na wasio nazo, wachokoa pweza na wanunuzi wa pweza, wenyeji na wahamiaji wa dago (wavuvi wanaopiga kambi kwa msimu), wanaume wanaokaa barazani na wanawake ambao hawana nafasi ya kukaa popote hadi jioni. Ukikutana na watu kumi walioitwa na mwenyekiti, umekutana na watu kumi wa mwenyekiti. Sheria za serikali za mitaa Tanzania Bara zimeweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria. Utumie, kwa sababu una uhalali kuliko kikao cha ofisini. Lakini usiutegemee peke yake. Mkutano mkubwa huwapa sauti wenye sauti. Mwanamke aliyeolewa ugenini, kijana asiye na shamba, mwenye ulemavu asiyeweza kufika uwanjani, familia iliyo na ugomvi wa ardhi na diwani: hao hawatanyanyua mkono pale, na mara nyingi ndio walio na jibu unalolitafuta.

Mfano mzuri uko Mwanza. Katika maandalizi ya jaribio la dawa ya kupaka ya kuzuia maambukizi ya VVU, miaka ya 2000, waliolengwa walikuwa wanawake wanaofanya kazi katika baa, nyumba za kulala wageni, vilabu vya pombe za kienyeji na biashara ya chakula. Ingekuwa rahisi kuunda kamati ya ushauri ya viongozi wa dini, maafisa wa kata na watu wengine wa heshima zao. Badala yake wanawake wenyewe walichaguana, kata kwa kata, wakaunda kamati ya ngazi ya jiji. Mambo waliyoyaibua mapema yalikuwa yale ambayo mheshimiwa yeyote angeona haya kuyataja: sampuli za damu na za ukeni zinachukuliwaje, zinakwenda wapi, na nani ataona majibu. Kiongozi wa dini angeweza kuwaombea. Kuwasemea hayo, asingeweza.

Basi fanya hivi: pita kwa viongozi kwa heshima zote, kisha omba ruhusa ya kukutana na makundi mbalimbali kila moja kwa wakati wake na mahali pake. Kwa wachuuzi, nenda saa ambayo soko limepoa. Kwa wavuvi, angalia bamvua na maji mafu. Kwa akina mama wenye watoto wachanga, siku ya kliniki inafaa, ilimradi wasidhani kwamba huduma inategemea kukujibu.

Fedha: isemwe siku ya kwanza

Hakuna jambo linalovuruga utafiti kimya kimya kama posho. Upande mmoja kuna wanaosema malipo yanaharibu data, kwamba mtu atajibu kwa ajili ya shilingi. Upande wa pili kuna bahasha zinazotolewa chini ya meza kwa mwenyekiti na wajumbe, huku aliyehojiwa saa mbili akiondoka na soda. Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake, lakini tazama anayeitoa: mtafiti mwenyewe analipwa posho ya kujikimu, dereva analipwa, mwingiza data analipwa. Anayetarajiwa kujitolea kwa uzalendo ni mtu mmoja tu, yule aliyeacha palizi. Fidia ya muda na nauli si rushwa. Rushwa ni malipo makubwa kiasi cha kumfanya mtu akubali hatari ambayo vinginevyo angeikataa, au malipo yanayotegemea jibu analotoa.

Njia iliyo salama ni uwazi. Kaa na wawakilishi wa jamii mkubaliane kiwango cha fidia, kipeleke kwenye kamati ya maadili kikaidhinishwe, kisha kitangazwe mkutanoni ili kila mtu ajue mwenzake kapata nini. Ukiajiri wasaidizi wa utafiti kutoka hapo hapo kijijini, na inafaa kuwaajiri, waandikie mkataba na uwalipe kwa wakati. Ila pima mada yako. Kijana wa mtaa anafaa sana kuhesabu visima au kupima mavuno. Akimhoji jirani yake kuhusu VVU, madeni au kipigo cha mume, hutapata ukweli, na huenda ukamwachia jirani huyo matatizo baada ya wewe kuondoka.

Damu, picha na namba ya simu

Pwani ya Afrika Mashariki ina kumbukumbu ndefu ya mumiani, na bara kuna visa vya kachinja. Mtafiti asiye na subira huviita ushirikina akaendelea na bomba lake la sindano. Ni kosa la adabu na la mbinu pia. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba simulizi hizi za wanyonya damu zilikuwa njia ya watu kuusema utawala wa kikoloni: kuna wenye mamlaka wanaotoka usiku, wanachukua kitu mwilini mwako, nawe huelezwi kinakwenda wapi. Ukivua simulizi hiyo meno na makucha, kinachobaki ni swali la haki kabisa ambalo fomu nyingi za ridhaa hazilijibu.

Kilifi, Kenya, ambako taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa na kituo tangu mwaka 1989, watafiti walichunguza jambo hili kwao wenyewe na wakachapisha waliyoyakuta: baadhi ya wazazi waliosaini fomu hawakuelewa kwamba mtoto wao yumo kwenye utafiti, walidhani ni matibabu ya kawaida, na wasiwasi juu ya damu ulikuwa mkubwa. Kituo kikajenga utaratibu wa wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wananchi wenyewe, wanaokutana na watafiti mara kwa mara na kuwarudishia maswali ya mitaani. Haukuondoa uvumi wote. Uliupa mahali pa kusemwa kabla haujawa mgomo.

Kwa mtu wa kazi, mambo ni haya:

- Eleza kiasi kwa kipimo cha nyumbani. Mililita 5 za damu ni kijiko kimoja cha chai. Beba kijiko, ukionyeshe.
- Sema sampuli itahifadhiwa wapi, muda gani, na kama itavuka mpaka.
- Sema wazi kama itatumika kwa utafiti mwingine baadaye, na mwachie mtu nafasi ya kukataa hilo huku akilikubali la kwanza.
- Tenganisha kauli mbili: "hii ni tiba" na "huu ni utafiti". Koti jeupe pekee huzichanganya.
- Picha za watoto na namba za simu si mali ya mradi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Msomee mhusika haki zake.

Anayedhani kipengele cha matumizi ya baadaye ni urasimu ajifunze kutoka Arizona, Marekani. Kuanzia mwaka 1990 Wahavasupai, wenyeji wa bonde la Grand Canyon, walitoa damu wakiamini ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Baadaye waligundua imetumika pia kuchunguza ugonjwa wa akili na asili ya uhamaji wao, mambo ambayo hawakuyajua wala wasingeyaruhusu. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilifikia suluhu nao, kikalipa dola 700,000 kwa watu 41 na kuwarudishia damu yao.

Andikianeni

Makubaliano ya mdomo husahaulika na pande zote mbili, na anayesahau kwanza kwa kawaida ni mwenye kompyuta. Andikeni karatasi moja au mbili, kwa lugha ambayo mjumbe wa mwisho ataisoma bila mkalimani, ikae nakala moja ofisi ya kijiji. Wasan wa Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi: mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ambazo mtafiti anayetaka kufanya kazi nao hutakiwa kuzikubali. Miaka kabla ya hapo, viambato vya mmea wao wa hoodia, wautumiao tangu zamani kutuliza njaa safarini, vilikuwa vimesajiliwa hataza na taasisi ya utafiti ya taifa bila wao kuulizwa. Makubaliano ya kugawana faida yalikuja baadaye, mwaka 2003. Wewe huna haja ya kungoja kanuni za namna hiyo. Karatasi yako ijibu:

- Nani anamiliki data, na nani anaweza kuiomba?
- Nani atatajwa kwenye chapisho, kama mwandishi au kwa shukrani, na nani hataki kutajwa?
- Kikipatikana kitu cha kuuza, mgawo ukoje?
- Matokeo yakikiaibisha kijiji, tutayasemaje na tutawaonyesha nani kwanza?
- Mgogoro ukizuka, msuluhishi ni nani?

Swali la nne ndilo linaloleta jasho. Wengine hudhani kuipa jamii nafasi ya kusoma kabla ya kuchapisha ni kuipa rungu la kufuta ukweli. Siyo. Mbia ana haki ya kusoma, kusahihisha, na pingamizi lake kuandikwa kando ya hitimisho lako. Hana haki ya kubadilisha namba. Liandikeni hivyo hivyo mapema, kwa maneno hayo hayo, maana siku matokeo yakitoka machungu hakuna atakayekuwa na moyo wa kulijadili kwa utulivu.

Mrejesho si hisani

Ukiuliza vijiji vilivyochoka na watafiti vimechoshwa na nini, jibu la kwanza huwa si maswali marefu. Ni kwamba hakuna aliyerudi. Mrejesho uwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kama mafuta ya gari, kwa sababu ukiachwa uje kutokea kwenye masalio, masalio hayapo kamwe. Tasnifu iliyofungwa jalada gumu kwa Kiingereza, ikakabidhiwa kwa mtendaji na kupigwa picha, haihesabiki. Mrejesho ni mkutano wa Kiswahili, wenye picha na michoro, unaoanza na yale waliyouliza wao. Ni kipindi katika redio ya jamii. Ni ukurasa mmoja unaobandikwa zahanati au soko la samaki. Na ufanyike kabla ya kuandika sura ya mwisho, si baada. Watu wakiona matokeo yao hukwambia mahali ulipoelewa vibaya, na hiyo ni bahati ambayo mtahini wa nje hawezi kukupa.

"Lakini mimi..."

*"Nina miezi sita tu."* Basi punguza utafiti, usipunguze ushirika. Kijiji kimoja kilichoshirikishwa vizuri kina manufaa kuliko vinne vilivyopitwa mbio. Ikiwa chuo chako kina mahusiano ya muda mrefu na eneo fulani, jiunge humo. Msimamizi ndiye anayepaswa kubeba uhusiano, mwanafunzi abebe sehemu yake.

*"Mfadhili ameshaamua swali."* Huenda kaamua swali kubwa. Mara nyingi bado yako mkononi mwako maswali madogo, wakati, mahali, wahojiwa, fidia na mrejesho. Waambie watu kweli: hili haliwezi kubadilika, haya yanaweza. Kuficha mipaka kunaumiza kuliko mipaka yenyewe.

*"Wanakijiji si wataalamu wa takwimu."* Hakuna anayewaomba wakokotoe. Wale wanawake wa Rwanda hawakuchora grafu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na nusu ya makosa ya utafiti wetu ni ya kitanda.

*"Itanipotezea uhuru wa kitaaluma."* Hoja hii ni nzito kuliko zote, hasa kwa anayechunguza maovu ya viongozi hao hao wa jamii. Anayetafiti ukeketaji, ajira za watoto au unyang'anyi wa ardhi hawezi kumfanya mtenda mbia. Hapo mbia wako ni walioumizwa na wanaowatetea, na usalama wao unatangulia uwazi. Ushirika haumaanishi kumridhisha kila mtu; unamaanisha kujua unawajibika kwa nani. Na kuna tafiti, kama za nyaraka za kale au za hesabu, ambazo hazihitaji kikao chochote. Usilazimishe.

Na ninyi wenyeji

Makala hii isiwafae wenye shahada peke yao. Mwenyekiti, sheha, mzee wa mtaa, katibu wa kikundi cha mwani: mtafiti mwingine anakuja, pengine wiki hii. Kabla ya kumgongea muhuri, muulizeni:

1. Nani alikutuma, na nani anakulipa?
2. Swali hili lingekuja hata kama sisi tusingekuwepo, au limetokana na sisi?
3. Tukitaka ubadilishe kitu, ni kitu gani unaweza kubadilisha?
4. Watu wetu watatumia saa ngapi, na saa hizo zinafidiwaje?
5. Utachukua nini na kuondoka nacho: damu, picha, majina, mbegu?
6. Utarudi lini na majibu, na fedha za safari hiyo ziko wapi katika bajeti yako? Tuonyeshe mstari wenyewe.

Asipokuwa na jibu la swali la tatu, mpeni maji ya kunywa na mumwambie arudi atakapokuwa nalo.